Turudishieni Kisiwa Chetu

Jumamosi mbili zilizopita, kwenye darasa letu la Kiingereza hapa Nyamirambo, tuligawiwa karatasi. Juu kulikuwa na picha: bahari ya bluu, nyumba nyeupe, mwavuli, kiti cha kulalia. Chini yake maagizo: pangeni likizo ya siku saba kwenye kisiwa chenye jua katika Bahari ya Mediterania. Chagueni kisiwa. Andikeni mtasafirije, mtalala wapi, mtakula nini, itagharimu kiasi gani. Vikundi vya watu wanne, dakika arobaini.

Darasa likacheka. Kaka mmoja wa nyuma akasema, "Mwalimu, watu kama sisi kwenye hiyo bahari tunaendaga bila mwavuli." Tukacheka tena, halafu kicheko kikakatika chenyewe. Mwalimu akawa mwekundu. Lakini tulianza kazi, na nawaambia ukweli, zile dakika arobaini zilikuwa nzuri kuliko darasa lolote la mwaka huu.

Jumatatu ukaja ujumbe kwenye WhatsApp. Mwalimu anaomba radhi. Zoezi "halikuzingatia hali ya walengwa", limeondolewa, na yeyote aliyeumia anaweza kumwona mtu wa ushauri nasaha. Jumamosi iliyofuata tukapewa zoezi jipya: andika barua ya kuomba kazi ya usafi hotelini.

Mmeona lakini? Hoteli ilibaki, tukabadilishwa nafasi tu.

Sijaandika hapa kumshambulia mwalimu. Ni mtu mwema, anakuja kwa miguu kwenye mvua na hajawahi kutuchelewesha. Naandika kwa sababu wema wa namna hii tunauona kila mahali, na umefika wakati mtu auseme: mnatulinda na vitu ambavyo havijatuuma, na vile vinavyotuuma mnaviacha. Zoezi halikuniumiza. Kuondolewa kwa zoezi ndiko kulikoniumiza. Kuna mtu alikaa ofisini, akafikiri, akaamua kwamba mimi siwezi hata kuwaza kwenda mahali na kurudi.

Ngoja niwaambie kikundi chetu kilifanya nini.

Tulikuwa Wakongomani wawili na Warundi wawili. Tulichagua Malta. Sababu ya kwanza ilitoka kwa yule Mrundi ambaye ni mwalimu wa Sunday school. Akasema, nyinyi hamjui kwamba Malta tunaijua toka utotoni? Ndiyo ile Melita ya Matendo ya Mitume, Paulo alipovunjikiwa na meli. Watu 276 chomboni, wote wakafika nchi kavu, wengine wakishikilia mbao, na wenyeji wakawawashia moto kwa sababu ya mvua na baridi. Nikatafuta kwenye simu. Kumbe mpaka leo tarehe 10 Februari ni sikukuu ya taifa Malta, wanaadhimisha siku meli ya Paulo ilipovunjika. Nchi nzima inafunga kazi kukumbuka watu waliotupwa na bahari. Tukaandika: tutakwenda Februari. Hakuna joto sana, lakini tunataka kuiona hiyo sikukuu.

Sababu ya pili niliipata mwenyewe. Kimalta ni lugha ya asili ya Kiarabu inayoandikwa kwa herufi kama zetu. Sita kwao ni sitta. Saba ni sebgħa, tisa ni disgħa. Ishirini ni għoxrin, thelathini ni tletin, hamsini ni ħamsin. Kitabu ni ktieb. Bahari ni baħar. Yaani mtu wa Uvira anaweza kusimama sokoni katikati ya Mediterania na bei akaisikia nusunusu. Dada wa kikundi chetu, ambaye siku zote anakaa kimya kwa sababu Kiingereza kinampiga chenga, alianza kuhesabu kwa Kimalta kwa sauti, na meza za jirani zikageuka. Ni mara ya kwanza namsikia akisema kitu darasani bila kuulizwa.

Tukapanga hata siku ya kuvuka kwenda Gozo, kisiwa kidogo cha pembeni, kwa feri ya dakika kama ishirini na tano. Tukabishana nani atakaa dirishani. Huyo ndiye mlengwa aliyeumia.

Sasa, najua mnachofikiri. Mnafikiri Lampedusa. Na sisi tunaifikiri, msidhani tumesahau. Tarehe 3 Oktoba 2013 chombo kilizama karibu na kile kisiwa cha Italia na watu 368 wakafa, wengi wao Waeritrea. Mwaka huohuo wa 2013, wasafiri wa mtandao wa TripAdvisor waliuchagua ufuko wa Lampedusa unaoitwa Spiaggia dei Conigli kuwa ufuko wa kwanza kwa uzuri duniani. Kisiwa kimoja, mwaka mmoja. Na Malta si malaika: mwaka 2019 vijana watatu kutoka Afrika, wawili wao bado watoto kwa umri, waliokolewa na meli El Hiblu 1 wakagoma kurudishwa Libya, wakafika Malta na wakafunguliwa mashtaka mazito, hata ya ugaidi. Tunayajua haya. Wengine tunayajua kuliko aliyeandaa ile karatasi.

Lakini angalieni jambo moja. Nina rafiki Mweritrea niliyekutana naye tulipokwenda kucheza mpira Gashora, kule Bugesera. Kwa wasiojua, Gashora ni kituo ambacho tangu Septemba 2019, kwa makubaliano ya Rwanda, HCR na Umoja wa Afrika, kinapokea watu wanaotolewa Libya. Wamepita hapo zaidi ya elfu mbili. Huyu rafiki aliingia baharini usiku, akarudishwa Libya, akafungwa, akaletwa Gashora, na baadaye akapelekwa Sweden. Nilimwandikia kuhusu lile zoezi nikiogopa kidogo. Alijibu swali moja tu: mmechagua kisiwa gani? Halafu akaniambia kiangazi kijacho anakwenda Sicily na wenzake wa kazini. Kwa ndege. Siku tano. Anataka kuiona ile bahari mchana.

Ni mtu yuleyule, na bahari ileile. Kilichobadilika ni kijitabu anachobeba mfukoni. Sasa niambieni, yeye alipokuwa Gashora, mngempa zoezi la likizo au la kufagia hoteli?

Hapo ndipo penye kitu. Tatizo si bahari. Tatizo ni kwamba mkimbizi anayesafiri anaeleweka kwa namna mbili tu: anakimbia, au anapelekwa. Akisema nataka kwenda na kurudi, watu wote wanachanganyikiwa. Ofisa anachanganyikiwa, mfanyakazi wa shirika anachanganyikiwa, na mama yake pia, nitafika kwa mama.

Mwaka jana dada mmoja wa kikundi chetu alikwenda kwenye ofisi moja, sitaitaja, kuuliza namna ya kupata hati ya kusafiria ya mkimbizi. Akaulizwa: ni ya masomo au matibabu? Akasema hapana, nina pesa kidogo, nataka tu kuwa nayo, siku moja nisafiri. Yule aliyemhudumia akacheka, bila ubaya, akamwambia arudi akiwa na sababu.

Sababu! Jamani, someni Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, kifungu cha 28. Si kirefu. Kinasema nchi itawapa wakimbizi wanaokaa kihalali ndani yake hati za kusafiria nje ya nchi, isipokuwa kuwe na sababu nzito za usalama wa taifa au utulivu wa umma za kukataa. Mmesoma vizuri? Mwenye kutakiwa kuwa na sababu ni anayekataa. Anayeomba hakuambiwa alete huzuni yake kama kielelezo. Na kwenye kiambatisho cha mkataba huohuo, aya ya 13, nchi iliyotoa hati inaahidi kumpokea tena mwenye hati wakati wowote hati ikiwa hai. Maana yake kurudi kumeandikwa mle ndani tangu mwanzo. Waliotunga mkataba ule walishafikiria mkimbizi atakayekwenda na kurudi. Ni sisi wa leo tuliosahau.

Rwanda inatoa hati hizo. Si nchi zote zinazofanya hivyo, na ninaisifu kwa hilo. Kwa hiyo msiniambie hili ni jambo la ndoto.

Baada ya hapo inakuja viza, na hapa sitadanganya mtu: ni ngumu. Kikundi chetu tuliipigia hesabu. Ada ya viza ya Schengen ni euro 90 tangu Juni 2024, na ukinyimwa hairudi. Bima ya safari lazima iweze kulipia matibabu ya hadi euro 30,000. Hati yako iwe na uhai wa miezi mitatu zaidi baada ya siku unayotoka kwao. Uoneshe mahali pa kulala, tiketi ya kurudi, pesa za kula. Ombi lisipelekwe mapema kuliko miezi sita wala chini ya siku kumi na tano kabla ya safari. Na baada ya hayo yote wanaweza kukunyima kwa kuwa wana shaka kama utatoka kwao muda ukiisha. Kijana asiye na ajira ya maandishi, asiye na shamba, asiye na nyumba, anathibitishaje kwamba atarudi Kigali? Hiyo ndiyo hoja ya kweli, na ingefaa darasa zima la Kiingereza. Sasa tumelipoteza.

Ila kuna kitu kwenye ile fomu kilichotufurahisha sana. Kuna swali la madhumuni ya safari, na visanduku vya kuweka alama. Kisanduku cha kwanza kabisa ni utalii. Matibabu na masomo viko chini huko. Fomu ya wazungu wenyewe imetutangulizia likizo!

Haya, mama.

Nilipomsimulia mama aliniuliza, "Utakula kisiwa?" Mama anauza mboga na sambaza tangu tumefika, mwaka wa kumi na mbili sasa. Akaendelea: watu kambini mgao umepunguzwa, wengine hawaupati kabisa, wewe unapanga kulala juani, umechoka na nini? Na najua wengi wenu mnaosoma hapa mnasema vilevile. Nimeona hata kwenye kundi letu: "Hawa wa mjini wameshiba." Ni hoja nzito na siipuuzi. Anayekaa Mahama au Kiziba anahitaji hata kibali cha kutoka kambini. Kwake Nyabugogo ni safari. Chakula kwanza. Nakubali.

Lakini nani alisema tuchague? Kuna bajeti gani ambamo ndoto yangu ya Malta imekula unga wa mtoto wa Mahama? Mgao haukupunguzwa kwa sababu kikundi cha Nyamirambo kilihesabu kwa Kimalta. Ulipunguzwa kwa sababu walioahidi pesa hawakuzitoa, na wao, naamini, Agosti walikwenda ufukweni kama kawaida. Mtu anayeniambia nione aibu kwa kuwaza likizo wakati wengine wana njaa, amwambie kwanza huyo.

Na hiyo habari ya "umechoka na nini" ina jibu. Umoja wa Mataifa wenyewe wanalijua. Wafanyakazi wake walio kwenye vituo vigumu wana kitu kinaitwa R&R, mapumziko: kila baada ya wiki kadhaa, nne au sita au nane kufuatana na ugumu wa mahali, wanatoka, wanapumzika, wanarudi. Siwaonei wivu, ni haki yao. Anayesikiliza habari za vita kila siku anavunjika. Sasa, kama anayesikiliza habari zetu kwa wiki nane anahitaji kupumzika, anayezisimulia anahitaji nini? Kifungu cha 24 cha Tamko la Haki za Binadamu la 1948 kinasema kila mtu ana haki ya kupumzika na ya likizo za mara kwa mara. Kila mtu. Hakikuweka mabano baada ya hapo.

Nilimwambia mama hayo. Akanyamaza, akaendelea kuchambua sambaza. Halafu, bila mimi kuuliza, akaanza habari za Idjwi.

Mama ni wa Kalehe, kando ya Ziwa Kivu. Kila likizo ya shule, akiwa mtoto, alivuka kwa mtumbwi kwenda kwa shangazi yake kisiwani Idjwi. Walikaa wiki mbili, wakati mwingine tatu. Kazi yao ilikuwa kuoga ziwani na kula mananasi mpaka midomo inawawasha. Shangazi aliwapigia kelele wasiende mbali na pwani. Jioni walichoma samaki. Anakumbuka rangi ya mtumbwi. Mimi nina miaka ishirini na mitatu na sikuwahi kuisikia hii habari. Mama yangu alikuwa mtu wa kwenda likizo kisiwani! Kabla hajawa mlengwa, kabla hajawa na namba ya HCR, alikuwa na shangazi, mtumbwi na mananasi.

Mnaona sasa kwa nini nimekasirika? Mnapoondoa zoezi kwa sababu "halizingatii hali" yetu, mnafikiri likizo ni kitu cha watu wengine ambacho sisi tutakitazama kwa uchungu. Hamkujua kwamba tulikuwa nazo. Hamkuuliza. Kwenye fomu zenu zote nilizojazishwa tangu utotoni, na ni nyingi, nimeulizwa nilichopoteza: nyumba, ng'ombe, ndugu. Hakuna hata moja iliyouliza mlikuwa mnapumzikia wapi.

Na tuko Kigali, mji ambao haumruhusu mtu kusahau utalii! Jina Visit Rwanda lilianza kuvaliwa mkononi na Arsenal mwaka 2018. Mgeni kutoka nje analipa dola 1,500 kuwatazama sokwe wa Virunga kwa saa moja. Mji huuhuu mwaka 2022 serikali ya Uingereza ya wakati ule iliutangaza kuwa mahali pa kuwatisha watu wanaovuka kwa boti: ukija kwetu, tunakupeleka Kigali. Mahakama yao ya juu ikasema hapana Novemba 2023, na Julai 2024 serikali mpya ikaufuta mpango. Nakumbuka tulivyokuwa tunaangalia habari zile tukiwa tunakula brosheti Nyamirambo. Walikuwa wanatishia watu kwa kuwaleta mahali ambapo watalii wanalipa kufika, na sisi tumekaa katikati, si watalii, si waliotishiwa. Hakuna aliyetuuliza mji ukoje. Ukoje? Barabara safi, moto wa kutosha, kodi ya nyumba inaua.

Maneno machache kwa vijana wenzangu, maana si mashirika peke yake. Siku ile baada ya darasa kuna waliotucheka: "Mnajifanya wazungu." Wengine wakanong'ona kwamba tukipata hiyo viza hatutarudi, kwa nini turudi, wajinga sisi? Nawaomba sana acheni hiyo ya pili. Kila mkimbizi anayetania kwamba viza ni ya kupotelea huko anamsaidia ofisa kuandika kwamba ana shaka. Mimi nataka kurudi. Mama yuko hapa, darasa liko hapa, na ninadai pesa za watu watatu wa Gikondo ambazo siziachi. Na hiyo ya kwanza, ya kujifanya wazungu, waulizeni wazee wenu walikokuwa wakienda Pasaka kabla ya vita. Ulizeni leo, kabla hawajasahau.

Mwalimu wetu mpendwa, ninajua unasoma, maana uko kwenye kundi. Turudishie ile karatasi. Si kwa sababu inafundisha "stadi za maisha", usiiandike hivyo kwenye ripoti, tafadhali. Turudishie kwa sababu hatukumaliza: kikundi chetu hakikuweka bei ya chakula, na kikundi cha Krete hawakukubaliana kuhusu hoteli. Lile zoezi la barua ya kazi libaki pia, wengi tunaitafuta kazi. Na kwa nyinyi wa ofisini: kijana akija kuuliza hati ya kusafiria, mpeni orodha ya vinavyotakiwa, mumwoneshe pa kupeleka, basi. Habari ya anakokwenda na kwa nini mwachieni mwenyewe.

Wakati tunasubiri Malta, tunakwenda Karongi. Jumapili ya mwisho wa mwezi huu, kwenda na kurudi siku moja. Tulifikiria Rubavu, lakini watatu kati yetu wamesema hawataki kukaa ufukweni wakiitazama Goma siku nzima, na tumewaelewa. Karongi kuna visiwa vidogo, mtu wa boti anakupeleka kwa kupatana bei, na hewa ikiwa safi Idjwi inaonekana kwa mbali. Tunakutana Nyabugogo saa kumi na mbili na nusu asubuhi, beba kitambulisho cha ukimbizi na chakula chako. Nauli kila mtu ajilipie, boti tunachanga kwa MoMo mpaka Alhamisi usiku. Wenye ndugu Kiziba waombeeni kibali mapema, wiki mbili kabla kama mnaweza. Hadi sasa tuko kumi na mmoja, na mama.